Mitandao Minne Ndani ya Nyumba Moja

Jumatano, 1 Mei 2024

Sikukuu ya Wafanyakazi. Duka nimelifungua hadi saa sita mchana, kisha nikafunga mlango na kuiflashi ruta. Ni TP-Link Archer C6, toleo la 3: poti moja ya kuingizia intaneti, poti nne za ndani, hifadhi ya MB 16 na memori ya kazi ya MB 128. Programu iliyotoka nayo kiwandani nimeiondoa, nimeweka OpenWrt 23.05.3. Imejizima, imewaka, na ukurasa wa mipangilio umefunguka.

Naandika sababu ya kazi hii, ili nikichoka katikati nirudi kuisoma. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni stesheni, yaani duka la skani na fotokopi. Watu wa Ubaruku na wa vijiji vya jirani wananiletea vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, hukumu za mirathi, mikataba ya kukodi majaruba, picha za watoto wanaoombewa shule. Navipiga skani, navituma, navitoa kopi. Nakala hubaki kwenye kompyuta, kwa sababu mwenye cheti atarudi wiki ijayo kusema ile ya kwanza imelowa mvua. Nyuma ya stesheni tunaishi sisi. Uani kuna vyumba vya wapangaji, na mwisho wa uwanja kuna ghala ambamo wakulima huweka magunia ya mpunga wakisubiri bei. Wote tulikuwa kwenye waifai moja yenye nywila moja, na nywila hiyo inajulikana mpaka kijiwe cha bodaboda. Simu yoyote iliyoingia humo, hata yenye programu mbovu ambayo mwenyewe hajui kama anayo, iliweza kubisha hodi kwenye kompyuta yenye vyeti vya watu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Leo imetimiza mwaka. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na mimi ni miongoni mwa wanaokusanya. Hata isingekuwepo, mtu aliyeniachia hukumu ya mirathi ya baba yake amenikabidhi jambo kubwa.

Saa kumi na mbili jioni mpangaji wa chumba cha pili amekuja kuuliza waifai imekwenda wapi. OpenWrt huja waifai ikiwa imezimwa, mpaka mwenye kifaa aiwashe na kuiwekea nywila. Nimeiwasha. Simu yake imeunganika, lakini haileti kitu. Alikuwa anafuatilia mpira, na mpira umeisha hali ikiwa hiyo hiyo.

Alhamisi, 2 Mei

Hakuna intaneti tangu jana. Kwetu intaneti inaingia kwa kifaa cha laini ya simu, nilichokifunga dirishani upande unaoushika mnara vizuri, na kutoka pale waya unakuja kwenye ruta. Kifaa hicho kinajiita 192.168.1.1. OpenWrt nayo ikitoka kuflashiwa inajiita 192.168.1.1. Anwani moja iko pande zote mbili za ruta, kwa hiyo ruta haijui data ya kutoka nje iipeleke upande gani.

Upande wa ndani nimeuhamishia 192.168.10.1. Intaneti imerudi saa nne na nusu asubuhi. Mama aliyekuja saa mbili kutuma maombi ya mwanawe alikuwa ameshapanda bajaji kwenda Rujewa.

Ijumaa, 3 Mei

Nimechora mpango kwenye daftari la mauzo. Mtandao wa 10 ni wa nyumbani. Wa 20 ni wa stesheni: kompyuta, printa na simu ya uwakala wa pesa. Wa 30 ni wa wapangaji na wateja. Wa 40 ni wa kamera ya ghala peke yake.

Mume wangu ameuliza itakuwaje mitandao minne ipite kwenye ruta moja na waya mmoja. Yeye amekulia kwenye majaruba, na baba yake alifanya kazi mashamba ya Mbarali, yale yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, kwa hiyo nimemjibu kwa maji. Mfereji mkuu ni mmoja. Milango ndiyo inayoamua maji yaingie jaruba la nani, na mwenye jaruba la juu hawezi kufungulia maji ya mwenzake wa chini bila mgawa maji kujua. Ruta ndiyo mgawa maji. Ameelewa kabla sijamaliza, akauliza ufunguo wa milango anao nani. Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hii. Kwenye programu ya kiwandani kulikuwa na mlango mmoja tu wa wageni, na hapakuwa na mahali pa kuongeza mwingine. Sasa funguo zote ziko hapa nyumbani.

Kwa upande wa ufundi, kila kifurushi cha data kinachopita kwenye waya wa pamoja hubandikwa tagi ya baiti 4, na ndani ya tagi mna namba ya mtandao wake. Kanuni yake inaitwa 802.1Q, na taasisi ya wahandisi ya IEEE iliitoa mwaka 1998. Namba imepewa biti 12, yaani nafasi 4,096. Ukiondoa 0 na 4095 ambazo zimetengwa, zinabaki 4,094.

Jioni mteja alihitaji risiti, na kitabu cha risiti kilikuwa kimeisha. Binti yangu amemwandikia kwenye ukurasa wa daftari, upande wa pili wa mchoro. Mteja ameondoka na mtandao wa 30 na wa 40. Nimechora upya.

Jumamosi, 4 Mei

Leo ndiyo kazi yenyewe. Tangu OpenWrt 21.02 ya mwaka 2021, kwenye ruta nyingi poti zinaonekana moja moja: lan1, lan2, lan3, lan4. Zote zimekaa juu ya daraja linaloitwa br-lan. Unawasha uchujaji wa VLAN, yaani wa mitandao hiyo yenye namba, kwenye daraja hilo, kisha unaiambia kila poti ni ya mtandao upi, na data itoke na tagi au bila tagi. Kompyuta ya stesheni haisomi tagi, kwa hiyo lan2 inatoa mtandao wa 20 bila tagi. Kompyuta ya nyumbani iko lan3, inapata wa 10 bila tagi. Waya wa ghalani utabeba wa 30 na wa 40 kwa pamoja, kwa hiyo lan1 inaitoa yote miwili ikiwa na tagi.

Pana mahali pa kuwa macho. Uchujaji ukiwaka, njia ya zamani ya kuifikia ruta inakatika hapo hapo, mpaka mtandao wa nyumbani uhamishwe kutoka br-lan kwenda br-lan.10. Mabadiliko hayo mawili yahifadhiwe kwa mkupuo mmoja. Waliotengeneza ukurasa huu wamemfikiria mtu aliye mbali na fundi: ukibonyeza kuhifadhi, ruta inahesabu sekunde 90, na kompyuta yako isipoifikia tena ndani ya muda huo, inarudisha mipangilio ya awali yenyewe. Mtu wa Ubaruku akijifungia nje ya ruta yake hana wa kumpigia simu aje. Hizo sekunde 90 ni fundi tosha.

Nimebonyeza. Hesabu ikiwa katikati, umeme umekatika mtaa mzima.

Nakala ya kurudia hukaa kwenye memori ya muda, ambayo hufutika umeme ukizimika. Kwa hiyo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Mwanangu mdogo ameuliza gizani umeme unatoka wapi. Nimemwambia mto Mbarali na mito mingine ya Usangu inaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayojaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya MW 80, kisha maji yanateremka hadi Kidatu yenye MW 204. Ameuliza kama maji ya jaruba la bibi nayo yamo. Nimesema yanayobaki yamo.

Umeme umerudi saa tatu usiku. Ruta imewaka na mipangilio mipya, na kompyuta iliyoko lan3 imepewa anwani ya 192.168.10. Nimeagiza UPS ndogo ya volti 12.

Jumapili, 5 Mei

Kanisani. Nimerudi nikakuta paka wa chumba cha tatu amelala juu ya ruta kwa sababu ya joto lake. Baridi imeanza. Nimesafisha manyoya kwenye matundu ya hewa kwa mswaki wa zamani na kuipandisha ruta ukutani.

Jumatatu, 6 Mei

Mtandao wa wapangaji. Kwenye faiawoli nimeupa ukanda wake: kwenda intaneti, ruhusa; kwenda nyumbani, stesheni na kwa kamera, hapana; kuigusa ruta yenyewe, hapana. Hilo la mwisho linataka vijitundu viwili, kwa sababu simu lazima iiombe ruta anwani kupitia poti 67 na kuiuliza majina ya tovuti kupitia poti 53. Ukifunga yote bila hivyo viwili, simu inaunganika na haipati kitu.

Jina jipya la waifai limeonekana hewani kabla sijaandika sheria hizo mbili. Mpangaji wa chumba cha kwanza ameliona na kujiunga. Simu yake imeandika kwamba inatafuta anwani ya IP. Amekuja mlangoni ameinyanyua juu ya kichwa, akidhani ni mnara.

“Dada, hii imekwama inatafuta.”

Nimempa kiti. Sheria zimeingia, simu ikapata anwani, akasema asante, kisha akauliza kwa nini paswedi imebadilika na kama ile ya zamani itarudi. Haitarudi. Nimebandika mpya kwenye milango ya wapangaji. Ya mlango wa chumba cha nne imeliwa na mbuzi kabla ya magharibi.

Jumanne, 7 Mei

Kebo ya Cat6 niliyoagiza Mwanjelwa na kuletewa na basi haipo stoo.

Mpunga umeanza kukomaa na kwelea kwelea wametua Usangu. Kila mwenye jaruba ana mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri. Mtoto wa dada yangu ndiye anayeamia kwa bibi. Ameona kebo ni ndefu, ngumu na haikatiki, ameifunga makopo na kuivuta kutoka kibandani hadi tuta la mwisho. Akitingisha upande wake, makopo yote yanalia kwa pamoja. Bibi anasema tangu alipoanza kutumia waya huo ndege wanaruka mapema.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda shambani na kamba ya katani. Nimemsalimia bibi shikamoo, ameitikia marahaba, lakini hakukubali kebo iondoke kabla kamba haijafungwa, kuvutwa na kujaribiwa mbele ya ndege. Tumengoja kundi lije. Limekuja saa tano. Kamba inafaa.

Ncha moja ya kebo ilikuwa imelala majini. Shaba iliyokaa kwenye maji ya jaruba inakuwa nyeusi, na nyeusi hiyo inapanda ndani ya ganda kuliko unavyoona kwa nje. Nimekata kipande, nikachuna, bado nyeusi; nimekata tena mpaka shaba ikang'aa. Ndani mna nyaya nane, zimesukwa mbili mbili. Unazifumua, unazinyoosha moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka zilale sambamba: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Unazikata kwa urefu mmoja, unazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki mpaka uone vitone vinane vya shaba vikigusa ukuta wa mbele, ndipo unabana. Kosea mpangilio kati ya bluu na kijani tu, waya utawasha taa na data itapita kwa kuchechemea. Napenda kuifanya kazi hii mchana, karibu na dirisha, wateja wakiwa wachache.

Waya umefika ghalani saa kumi. Kule panahitaji swichi ndogo inayoelewa tagi, iutenge mtandao wa kamera na ule wa kifaa cha kusambaza waifai kwa wapangaji wa vyumba vya mwisho. Nimeagiza TL-SG105E. Duka limenitumia TL-SG105. Herufi moja ya mwisho ndiyo yenye kazi: isiyo na E haina mahali pa kupangia mitandao. Nimeirudisha kwa basi la jioni.

Alhamisi, 9 Mei

Nimengoja swichi. Fotokopi nyingi.

Ijumaa, 10 Mei

Swichi yenye E imefika. Poti ya 1 inapokea mtandao wa 30 na wa 40 kwa tagi. Poti ya 2 inaipa kamera wa 40 bila tagi. Kwenye swichi hii kuna ukurasa wa pili unaotaka namba ya poti iandikwe tena, la sivyo data inayotoka kwa kamera inaingia mtandao wa 1. Nimeandika. Kamera imepata anwani.

Kamera hii haina ruhusa ya kutoka nje kabisa. Inaangalia magunia ya watu, na picha za magunia ya watu hazina haja ya kusafiri hadi seva ya nchi nyingine ili mimi nizione nikiwa hatua chache tu. Nimeiona ghala kwenye kompyuta ya nyumbani, safi, hadi maandishi ya gunia la mbele yanasomeka.

Usiku nimeangalia rekodi. Tarehe iliyo juu ya picha ni 1 Januari 1970. Saa za mashine za aina hii huhesabu sekunde kuanzia siku hiyo, na kamera isiyo na betri ya saa, ikizimwa na kuwashwa, huanzia hapo mpaka iulize saa sahihi intaneti. Intaneti nimeifungia. Gunia likipotea nikapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji picha ya mwaka 1970, atasema nini? Ruta inaweza kutoa saa yenyewe. Kuna kisanduku cha kuweka alama. Nimekiwekea alama, nikaifungulia kamera poti 123 ya kuulizia saa kwa ruta peke yake. Sasa ni Mei 2024.

Jumapili, 12 Mei

Intaneti imekatika. Nimekagua kifaa cha laini, waya, ruta, na vyote vizima. Mpangaji wa chumba cha pili amejaribu laini nyingine, nako hakuna. Kijiweni hakuna. Jioni redio imesema nyaya za chini ya bahari zimepata hitilafu: EASSy na SEACOM, zote mbili. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia inapita humo. Zimekatika upande wa Afrika Kusini, na Ubaruku hakufunguki kitu.

Uwakala umeendelea kwa njia ya nyota na reli, kwa sababu hiyo inapita kwenye mtambo wa simu wenyewe. Maombi ya mtandaoni yote nimeyaahirisha. Ndani ya nyumba lakini mitandao minne inafanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Printa inachapa, kamera inaonyesha ghala, nakala za kompyuta ya stesheni zinahamia kwenye diski iliyo chumbani. Sikuwa nimewahi kuona kwa macho mpaka ulipo kati ya mtandao wetu na intaneti. Leo umeonekana.

Jumatatu, 13 Mei

Intaneti inakuja na kuondoka. Usiku umeme umekatika muda mrefu kuliko uwezo wa UPS. Uliporudi, kamera imeandika tarehe ya Ijumaa.

Ruta nayo haina betri ya saa. Ikiwaka huchukua tarehe ya faili la mipangilio lililobadilishwa mwisho, halafu huuliza saa intaneti. Mara ya mwisho kubadilisha faili ni Ijumaa nilipofungua poti 123, na leo hakuna wa kumuuliza. Kwenye ukurasa wa mfumo kuna kitufe cha kuchukua saa kwenye kompyuta inayoutumia ukurasa. Nimekibonyeza. Kamera imefuata baada ya muda.

Jumanne, 14 Mei

Waya wa ghalani umeshuka kasi kutoka Mbps 1000 hadi 100. Panya. Nimepita na tochi nikapata mahali, nyuma ya magunia ya juu: ganda limetafunwa upana wa kidole, jozi ya kahawia imekatika, bluu imechubuka, chungwa na kijani ziko salama. Kasi ya 100 hutumia hizo mbili tu, ndiyo maana kamera haikuzimika. Nimepitisha sehemu hiyo kwenye bomba la maji la nusu inchi.

Alhamisi, 16 Mei

Mambo mawili, yote yanatokana na mitandao kutengana kama ilivyokusudiwa.

La kwanza: binti yangu yuko mtandao wa 10, printa iko wa 20. Simu yake ilikuwa inaiona printa yenyewe. Sasa haioni, kwa sababu printa hujitangaza kwa walio mtandao mmoja nayo tu na tangazo halivuki. Amebeba kazi yake ya shule kwenye flashi mpaka stesheni, akakuta foleni, akakaa kwenye foleni ya mama yake. Nimeandika sheria moja: kutoka nyumbani kwenda anwani ya printa, poti 631, ruhusa; kingine chochote, hapana. Kwenye simu ameiongeza printa kwa anwani badala ya kuitafuta.

La pili: chumba cha tatu wana runinga inayoingia waifai, na walikuwa wanarusha video kutoka kwenye simu. Nimeweka simu za wapangaji zisionane, ili mpangaji mmoja asiweze kuchungulia ya mwenzake, na sasa simu ya baba haiioni runinga ya baba huyo huyo. Wana haki. Runinga ni yao na simu ni yao. Nimewapa mtandao wao, wa 31, jina lao na nywila yao. Ruta haikulalamika. Baba wa chumba cha tatu ameniletea sahani ya maandazi, na watoto wa chumba cha kwanza wameyaona.

Jumamosi, 18 Mei

Bando la mwezi limeisha siku kumi kabla. Wapangaji wameshamhukumu kijana wa chumba cha pili kwa sababu ya mpira. Maneno yalikuwa makali, na kijana hakujibu, ameingia ndani.

Nilikuwa nimeweka nlbwmon, programu ndogo ya OpenWrt inayohesabu data ya kila kifaa. Nimefungua jedwali mbele yao wote. Kijana ni wa nne kutoka juu. Wa kwanza, kwa mbali sana, ni simu ya chumba cha nne: kila usiku inapakia picha na video zake zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, ikikatika inaanza tena. Mwenyewe ni mama anayeuza mchele stendi, hakujua kama simu inafanya hivyo. Tumekaa naye tukazima. Amemwendea kijana na kumwomba radhi kabla ya mtu yeyote kumwambia.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu nimeishi na wapangaji miaka mingi na nimeona nyumba ikigawanyika kwa maji, kwa umeme wa mita moja, kwa choo. Bando limeingia kwenye orodha hiyo, na ni baya zaidi, maana halionekani. Mtu anashukiwa kwa umri wake au kwa anachokipenda. Jedwali lile limemtoa kijana kwenye lawama mbele ya macho ya watu.

Jumatatu, 20 Mei

Baba mwenye mashine ya kukobolea amekuja kutoa kopi za stakabadhi, ameona ruta ukutani na karatasi ya mitandao chini yake. Ameuliza programu nimeinunua shilingi ngapi. Sikununua. Nimemweleza ilivyoanza: Linksys ilitoa ruta ya WRT54G mwishoni mwa 2002, ndani yake mkiwa na Linux, leseni ya Linux inamlazimu anayeisambaza atoe na msimbo wake, mwaka 2003 watu wakadai, kampuni ikautoa, mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msimbo huo. Tangu hapo kila mwenye uwezo anaongeza chake na wote wanatumia. Amesema ushirika wa mpunga ungeendeshwa hivyo angekuwa mwanachama mpaka leo.

Mashineni kwake kuna kompyuta ya mizani, kamera, na madereva wa Fuso kutoka Dar wanaomba waifai mchana kutwa. Anataka vitu hivyo vitengwe.

Nimehifadhi nakala ya mipangilio yangu kwenye flashi mbili, moja kabatini na moja kwa dada, nikaandika tarehe juu ya kila moja kwa kalamu ya wino usiofutika. Baba wa mashine nimemwambia alete ruta yake Jumamosi, na kabla hatujagusa chochote tusome karatasi iliyobandikwa chini ya kasha. Naye ana Archer C6, ila anadhani ni toleo la 2. La 2 na la 3 zina jina moja na umbo linalofanana, lakini ndani ni chipu tofauti, na faili la moja haliingii kwenye nyingine.